Chaki ya Fundi Cherehani

Tangu serikali ipandishe kodi ya vitambaa, mama mmoja fundi cherehani ameacha kubishana bei. Mteja akilalamika, hutandaza suruali mezani na kupiga mstari wa chaki kwenye goti. "Kuanzia hapa kwenda chini ni kodi," husema. "Ya kitambaa, ya uzi, ya umeme. Mimi nimeachiwa kiuno."

Asubuhi moja ofisa wa kodi alifuata suruali yake ya kazini. Aliposikia bei, akakunja uso. Fundi hakumwonea haya. Alitandaza, akapiga mstari.

"Mama, kodi ndiyo inayojenga nchi," ofisa alisema.

"Nalipa, mwanangu. Risiti zimejaa droo ile, sijakwepa hata senti."

"Basi futa hiyo chaki, nachelewa kazini."

Fundi alikata uzi kwa meno, akaikunja suruali taratibu, mstari ukiwa juu.

"Chaki yangu haitoki ila kwa maji," akasema, "na bomba mlilotujengea, huu ni mwezi wa tatu halijatoa hata tone. Vaa hivyo hivyo. Wakikuuliza ofisini, waeleze."