Mchicha wa Mwalimu Athanas

Nilichokiona kwanza kwa Gelasius Maduhu ni miguu yake. Alipokuwa akiandika, ilikanyaga sakafu kwa mapigo, hata wino ukacheza ndani ya kidau.

Nimehitimu ualimu mwaka huu wa 1953, nikapangiwa kusaidia kusahihisha insha katika chuo kimoja karibu na Shinyanga. Gelasius ananizidi miaka kumi. Kwao Kagongwa alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, akaiacha ngoma ili awe mwalimu. Lakini insha yake ya "Faida za Samadi" ilikuwa imekataliwa mara mbili. Ikikataliwa mara ya tatu, hapati cheti.

Nilimshauri aisome kwa sauti ili asikie kasoro zake. Nilimaanisha chumbani. Yeye aliipeleka kisimani, akamsimamisha mwenzake Onesmo upande wa pili na insha yake, wasome kwa pamoja. Ndivyo ngoma zetu zinavyoshindana: makundi mawili hucheza wakati mmoja, na linalokimbiwa na watazamaji limeshindwa.

Siku ya kwanza alikimbiwa. Alirudi na karatasi iliyojaa alama za penseli.

"Hapa, Mwalimu, kwenye 'aidha ni dhahiri,' wameondoka wanne. Hapa kaondoka Mama Lukresia."

Alifuta kila palipokimbiwa. Zikabaki sentensi tano. Akaandika upya, akasoma, akafuta tena. Siku ya nne Onesmo alibaki akiisomea ndoo yake, na mwishowe naye akavuka kwenda kumsikiliza Gelasius.

Insha ikafika mezani kwa Mwalimu Athanas, mkuu wa somo. Aliisoma mbele yetu wawili, akavua miwani.

"Maduhu, mchicha wangu umefuata nini humu?"

"Ni mfano wa bustani isiyotiwa samadi, Mwalimu. Ulisema insha isiyo na mfano haishiki."

"Umeandika kwamba umepauka kama mgonjwa aliyetoroka hospitali!"

"Mimi niliandika umepauka tu, Mwalimu. Mgonjwa kaongezwa na Mama Lukresia."

Nikainamisha kichwa. Mama Lukresia ni mke wa Mwalimu Athanas.

"Alicheka?" Mwalimu Athanas aliuliza.

"Alitua ndoo kwanza."

Mwalimu alivaa miwani, akavua tena. "Futa mchicha, nikupitishe."

Gelasius aliweka kidole kwenye sentensi ya mchicha. Miguu ilitulia, mara ya kwanza tangu nimjue. "Samahani, Mwalimu. Hapo ndipo hakuondoka mtu hata mmoja."

"Basi nami nitaandika yangu. Jumamosi tutasoma kisimani, wewe huku, mimi kule. Wakikufuata wewe, umepita, wewe na mchicha."

"Na wakikufuata wewe, Mwalimu?"

"Utarudi Kagongwa kwenye ngoma zako."

Leo ni Alhamisi. Gelasius amekwishafuta sentensi mbili zaidi. Mwalimu Athanas naye ameniletea insha yake niipitie. Hii ni mara ya tatu, na asubuhi nilimkuta bustanini akimwaga samadi. Mama Lukresia amekataa kumwambia atasimama upande gani. Ila ndoo ya Jumamosi ameshaiosha.