Damu ya Watu wa Karakana

Bilkis hakuolewa, na watu wa mtaa wa maduka mjini Tabora walikuwa na sababu nyingi za kueleza jambo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa na moja tu: mdogo wake Fakhrudin, aliyezaliwa na damu isiyoganda. Jino liking'oka, ilikuwa kazi. Mara nyingi damu haikutoka hata nje. Ilimwagikia ndani ya goti, goti likavimba na kuwaka moto, naye akashinda kitandani akiuma shuka. Daktari aliyempima utotoni aliuita ugonjwa huo hemofilia, akaeleza kwamba huwashika hasa wanaume, lakini huweza kupitia kwa mama asiyeugua. Bilkis alikuwa msichana wa kuposwa wakati ule. Alilisikia neno lile akalitia moyoni, na posa zilipokuja alizikataa zote.

Hospitali ya mkoa haikuwa na dawa ya ugonjwa huo. Iliyokuwepo ni kumwongezea damu iliyotolewa siku hiyohiyo. Kaka zao wakubwa ndio waliokuwa wakimtolea, maana damu ya Bilkis haikulingana na yake. Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, kaka hao walihamia ng'ambo na familia zao, wakamtaka Fakhrudin afuatane nao. Alikataa. Alikuwa fundi redio, kila mtu Tabora alimjua, na huko kwenye baridi hakumjua mtu. Basi Bilkis akabaki naye, pamoja na duka la khanga na vitenge.

Miezi michache baadaye Fakhrudin aling'olewa jino, na damu ikakataa kukatika. Bilkis alifunga duka akaenda karakana ya reli saa ya chakula, maana wake wa mafundi wale walikuwa wateja wake. Akawaeleza shida yake. Kisha mzee mmoja, kwa upole kabisa, akamkumbusha habari za mumiani, zile walizosimuliwa udogoni, za watu wanaovizia wenzao na kuwanyonya damu ili iuzwe. Leo mwenye duka anakuja kuomba damu, wamfikirieje?

Bilkis hakukasirika. Hata yeye alitishwa na habari hizohizo alipokuwa mtoto. Akasema tu kwamba mgonjwa yupo wodini, anayetaka aende akamwone.

Limbu, fundi wa mabehewa aliyewahi kutengenezewa redio na Fakhrudin, akafuta mikono yake yenye grisi. "Nitakuja," alisema. "Lakini nitakaa nione inakwenda wapi."

"Kaa, kaka Limbu. Kaa mpaka chupa iishe."

Damu yake ikapimwa, ikalingana. Alikaa kwenye benchi kando ya kitanda akiitazama ikishuka tone kwa tone kwenye mrija. Fakhrudin aliona haya, kinywa kimejaa pamba, akashindwa hata kushukuru. Jua lilipozama damu ya fizi ikaanza kupungua. Kesho yake Limbu aliwasimulia wenzake alichokiona, na safari iliyofuata Bilkis hakuhitaji kueleza mengi. Walikuja wanaume kadhaa, wakamtania Fakhrudin kwamba sasa ameshakuwa Mnyamwezi, imebaki kula michembe, vile viazi vikavu alivyokuwa akivikwepa. Maua, mke wa Limbu, akamletea kikapu kizima.

Habari zilisafiri na treni. Ulipofika wakati wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, akashuka stesheni mwanamke mmoja kutoka upande wa Kaliua, jina lake Zamda, amembeba mgongoni mwanawe Saidi, kifundo cha mguu kimevimba. Kijijini kwao walisema mtoto amerogwa.

"Shikamoo, dada. Nimeambiwa wewe unaujua ugonjwa huu."

"Marahaba. Naujua. Hajarogwa."

Bilkis alimlaza mtoto chumba cha nyuma ya duka, akamwonyesha Zamda namna ya kutuliza uvimbe kwa kitambaa cha maji baridi. Akamkataza kumpa aspirini, maana huzidisha kutoka damu, na akamwambia asikubali achomwe sindano ya msuli kabla ya kumweleza daktari hali ya mtoto. Fakhrudin, aliyekuwa amelazwa na goti lake mwenyewe, alipopata unafuu kidogo alichechemea mpaka kwa Saidi, akamwekea redio kifuani. Zamda alimtazama mtu mzima yule mwenye ndevu, fundi anayeheshimika, akaanza kulia. Hakujua kwamba mtoto wa namna ile huweza kukua.

Limbu akaenda na Zamda kwa mwenyekiti wa kijiji chao kipya kumwombea kiwanja karibu na reli, ili mtoto afikishwe hospitali upesi. Mwenyekiti alisumbua kidogo, kisha akakubali.

Fakhrudin alifariki mwaka sabini na nane. Aliteleza bafuni akapiga kichwa, damu ikavujia ndani, na safari hii hata watu wa karakana hawakuwahi. Ndio waliolibeba jeneza pamoja na jamaa wachache wa Kihindi waliobaki. Siku ya maziko Bilkis alijikaza. Kilichomliza ni wenye redio walipokuja, mmoja mmoja, kuchukua redio zao zisizotengenezwa.

Kaka zake walimwita ng'ambo. Hakwenda. Saidi alikuwa akikua, na kukua kwake kulileta maanguko mengi. Bilkis alimfundisha Zamda namna ya kuzungumza na mafundi, asijikunyate, aseme mgonjwa yuko wapi na awakaribishe wakaone. Mara ya kwanza walikwenda wote wawili. Mara ya pili Bilkis alikuwa na homa, Zamda akaenda peke yake, akarudi na wanaume wanne.