Rabson na Mstari wa Mkewe

Rabson ana wivu, na simsingizii. Mimi nauza chai na chapati mlango wa pili kutoka kibanda chake hapa Tunduma, karibu na foleni ya malori, na kila asubuhi ananiletea wivu huo nimpimie na chai. Wengine humwonea wivu jirani aliyejenga. Huyu anamwonea mke wake wa ndoa.

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mrusha nyimbo wa madereva. Dereva anayesubiri kuvuka kwenda Zambia alimletea flash, Rabson akamjazia kwaya, mahubiri, bongofleva, na hasa michezo ya redio, zile hadithi ndefu ambazo redio huziweka mtandaoni kipande kimoja kimoja. Alivipakua kwa mkono. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza kinachofuata. Ilikuwa kazi ya kutwa nzima, na alijivunia uvumilivu wake.

Halafu Ipyana, mdogo wa mkewe anayesoma chuo Mbeya, akaja likizo. Akamfundisha dada yake Gwantwa kufungua ule ukurasa mweusi wa kompyuta na kuandika amri. Ni mstari mmoja tu: unataja anuani ya redio, unaiambia kompyuta itengeneze namba kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kila namba ilete kipande chake. Gwantwa akabonyeza, akaenda kuosha vyombo. Aliporudi hadithi nzima ilikuwa ndani.

Habari ikapita kwenye foleni. Madereva wakaanza kuchungulia kibandani na kuuliza, "Shemeji yupo?" Rabson akiwa amekaa palepale, mzima, na jina lake limeandikwa juu ya mlango.

"Mimi nimekuwa mlinzi, mama Tabita," aliniambia. "Wananisalimia vizuri, halafu wanamsubiri yeye. Inaniuma. Nataka wanitafute mimi kama zamani."

Nilimwambia amwombe mkewe amfundishe. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Siku moja Gwantwa alikwenda Isongole kumwona mama yake. Mchana akatokea Yonathani, dereva na mteja wao wa siku nyingi, anataka mchezo wa redio wenye vipande mia na ishirini, na jioni anavuka. Akauliza kama shemeji yupo. Rabson akajibu yupo nyuma, acha flash. Ukweli angemwambia baadaye, sifa zikishakuja.

Alikuwa amemchungulia mkewe mara nyingi huku akijifanya anafagia, akaandika ule mstari kwa kichwa. Mistari ikapanda kwenye kioo kwa kasi hata macho hayakuiwahi, na ile ya mwisho yote ikasema kipande kimefika. Akajaza flash, akaja kwangu, akala chapati mbili akicheka peke yake.

Yonathani alirudi wiki iliyofuata. Gwantwa alikuwepo, nami nilikuwa nimempelekea chai.

"Shemeji, safari hii umeniangusha," alisema. "Hadithi imeanza na mazishi. Nimefika Kapiri, huko ndani Zambia, namlilia mtu ambaye sijui alikuwa nani."

Gwantwa akachomeka flash. Kipande cha kwanza kilikuwa cha mia moja. Redio ile huandika namba kwa tarakimu tatu, kipande cha kwanza ni 001, na Gwantwa haachi kuweka kistari na herufi w kwenye amri yake ili namba zitoke na sufuri mbele. Aliyeandika hii hakuweka. Kompyuta ikaomba 1, ikaomba 2, ikaambiwa hakuna, ikaendelea kuambiwa hakuna mpaka ilipofika 100.

Akamwangalia mumewe. Rabson alikuwa anatazama nje. Namjua mtu huyu, alikuwa anapiga hesabu. Akinyamaza, Yonathani ataondoka akiamini shemeji siku hizi ni hovyo, ataisambaza foleni nzima, na kibanda kitarudi kwa mwenyewe. Hasira zilinipanda, mdomo nikaufungua niseme.

"Nisamehe kaka," Gwantwa akaniwahi. "Ni haraka yangu. Kaa hapo nikuwekee upya, na leo hulipi."

Yonathani akalainika, akavuta kiti. Akamgeukia Rabson. "Bosi, una mke. Wangapi siku hizi wanakubali kosa namna hii?"

Rabson akasema ndiyo, kweli.

Jioni alikuja kwangu, hakutaka hata chai. Nikadhani aibu imemshika, nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza.

"Umeona, mama Tabita?" akasema. "Kosa lilikuwa langu mimi. Na hilo nalo kasifiwa yeye."