Kijapani cha Mwanarehema

Rashid, mumewe Mwanarehema, alikuwa dereva wa kutoa magari bandarini. Magari ya Japani yakishashushwa melini, yeye na wenzake huyaendesha hadi kwenye yadi moja ya Changamwe, yakasubiri wanunuzi. Ndani yake alizoea kukuta vitu vilivyosahauliwa na wenyewe: mwavuli, glavu moja, mwanasesere. Siku moja aliwasha gari dogo jeupe, redio ikaanza kuimba yenyewe. Mlikuwa na sidii.

Alimpelekea mwenye yadi, naye akamrudishia. "Chukua, Rashid. Mteja wa gari hili ataka kaswida. Hizo kelele atazifanyia nini?"

Kasha lake lilikuwa na picha ya bendi: wanaume wenye kofia za manyoya na makoti ya kumetameta, wanawake wawili wenye vipepeo vya kujipepea mkononi, na nyuma yao kundi zima la wapiga tarumbeta. Mmoja amepiga magoti kama anayeposa. Mwanarehema aliitazama picha ile akicheka. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa harusi za wanawake hapo Likoni, na alijua mtu anayejipamba kwa kazi akimwona.

Wimbo wa tatu ndio uliowashika. Tarumbeta zaruka, ngoma yaenda kama mtu anayeshuka ngazi mbio. Rashid akikoga uani alikuwa akiuimba, mkewe akimwitikia kutoka jikoni, wote wawili hawajui neno hata moja. Mwishowe Mwanarehema akaupeleka kwenye kikundi chake. Nyale, mpiga kinanda wao, akazitafuta sauti za tarumbeta mpaka akazipata. Wakashona sketi za kung'aa, wakanunua manyoya. Maneno waliyaimba vile vile yalivyoingia sikioni, na kwenye kibwagizo wakacheza kwa kurukaruka.

Wimbo ukapendwa kuliko walivyotaraji. Waliuita Kijapani, na harusi ikikosa Kijapani watu huondoka wakinung'unika. Mwanarehema alikuwa na nyimbo zake alizozitunga kwa taabu, za mapenzi na mafumbo, lakini akianza tu husikia ukumbini, "Kijapani! Kijapani!" Miaka ikapita hivyo. Magoti yakaanza kumuuma. Akirudi nyumbani hutia miguu kwenye beseni la maji ya moto, Rashid akamwambia, "Leo wamekurusha?" naye hujibu, "Wamenirusha."

Kisha Rashid akafa. Presha ilimpanda mchana wa Ramadhani, na magharibi haikumkuta.

Mwanarehema alikaa eda. Alipotoka, Nyale alikuja na mwaliko wa Kisauni, harusi ya binti wa Bi Afrah. "Hulazimishwi," Nyale alimwambia. "Lakini ukizidi kukaa ndani humo, nawe tutakuzika."

Akaenda. Nyimbo za mwanzo alizimaliza salama. Kinanda kilipoanza zile tarumbeta, wanawake wakasimama kwa vigelegele. Mwanarehema akafungua kinywa. Mahali pa sauti ya Rashid, ile ya uani aliyozoea kuiitikia, palikuwa patupu. Akaketi pale pale jukwaani na manyoya yake kichwani, akalia.

Kutoka viti vya mbele alisikia shangazi wa bibi harusi akisema, "Mjane ametoka eda jana, wamleta harusini? Nuksi hii." Bi Afrah mwenyewe alikuwa muungwana, akamletea maji. Lakini akipokea gilasi alimwambia polepole, "Pole, dadangu. Ila ungetwambia mapema."

Alirudi Likoni akasema basi. Sketi akazifunga kwenye kanga, akazisukuma chini ya kitanda. Siku zilikwenda, akawa halali vizuri wala haamki vizuri.

Bintiye Jalila, afanyaye kazi duka la kuchapishia karatasi, ndiye aliyewaza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Jumapili asubuhi aliweka simu kando ya redio, wimbo ukapigwa, simu ikafasiri.

"Mama!"

"Abee."

"Njoo usikie maana ya Kijapani chako."

Jalila akamsomea. Tafsiri ilikuwa ya kuchechemea lakini ilieleweka. Ni mtu anayekwenda dansini. Amepiga pasi suti, amejipaka mafuta, mwenzake anamngoja. Anasema, wacha nikae kidogo tu nipumzike. Na kibwagizo kile chote, kile walichokichezea kwa kurukaruka miaka yote, ni usingizi unavyomvuta kwenye kiti.

Mwanarehema alishika mdomo. "Huyu mtu yuwalala?"

"Yuwalala, mama. Dansini hafiki."

"Wallahi, ni babako huyu!" Akacheka hadi akainama. Mara ngapi Rashid alivaa kanzu na koti kwa ajili ya harusi ya watu, akakaa "kidogo tu", na mkewe akamkuta anakoroma? Alicheka, kisha akalia, na Jalila akazima redio, akamshika mabega.

Wiki kadhaa baadaye kikundi kiliitwa Jomvu Kuu. Mwanarehema aliingia ukumbini amevaa koti la Rashid na kofia yake ya viua iliyodariziwa. Harusini, wanawake peke yao, mwanamke kuvaa kiume ni mchezo wa tangu bibi zao, kwa hiyo walishangilia kabla hajaimba. Akaimba Kijapani safari hii bila kurukaruka. Alijipangusa mabega, akajitazama kwenye kioo kisichokuwapo, akavuta kiti. Akakaa. Kila kibwagizo kichwa kikazidi kuinama, hadi kwenye tarumbeta za mwisho akateleza akalala kwenye mkeka. Wanawake walicheka wakifutana machozi, kila mmoja akimtaja wake wa nyumbani.

Nyale alimaliza kupiga, akangoja ainuke. Hakuinuka. Akamwinamia. "Mwanarehema?"

"Sijafa," alinong'ona, macho amefumba. "Piga tena kibwagizo. Niache nilale kidogo."

Sasa watu wanamwita huku na huko kwa Kijapani cha kulala. Bi Afrah naye amepiga simu, ana binti wa pili wa kuozwa. Mwanarehema hakukataa, wala hakuitikia. Alikuwa ametia miguu kwenye beseni la maji ya moto, akasema atampa jibu ikishapoa.