Mwalimu Kabulo na Darasa Lililoimba Besi

Jamani, moyo unakataa. Jana tumemzika Kabulo, rafiki yangu tangu ujana, mwalimu wa nusu ya wazee wa Kalemie hii.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Miaka ya hamsini, mji wetu ukiitwa bado Albertville, tulisomea ualimu pamoja kwa mapadri. Muziki tulifundishwa hivi: simameni, imbeni kwaya. Mimi sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo, yeye besi, ile nzito ya chini. Basi! Tukapewa madarasa tukafundishe.

Kabulo akawapa watoto wa darasa la pili kile alichokijua. Nyimbo zote, besi tupu! Vitoto vinanguruma kama injini ya meli bandarini, na mwalimu wao anatabasamu.

Nilicheka mpaka machozi. Padri aliyekuja kukagua shule hakucheka.

"Sasa wimbo yenyewe iko wapi?"

"Njo hii, Padri, ndiyo hii hii. Njo ile nilifundishwa."

Akaambiwa: nikirudi baada ya Pasaka watoto wawe wanajua kuimba, la sivyo utafute kazi nyingine.

Maskini, na kazi ile aliipenda kuliko chakula. Akawa anakuja kwangu kila jioni. "Ndugu, unifundishe sauti yako. Batoto habana kosa."

Ilikuwa shughuli! Nikiimba mimi, sauti yake inateremka yenyewe kwenye besi. Ilibidi nimwimbie kwanza, kisha ninyamaze kabisa ndipo aushike wimbo. Nilimtania bila huruma. Alinuna, na kesho yake akarudi.

Padri aliporudi, watoto waliimba wimbo wenyewe, safi, mpaka mwisho. Kabulo alisimama amefunga mdomo, besi isije ikamponyoka. Machozi yalimtoka waziwazi. Akabaki mwalimu mpaka uzeeni.

Mwezi uliopita, akiwa mgonjwa kitandani, aliniuliza: "Unafikiri bale batoto balijua kama mi sikujua?"

Nikamwambia hapana, tulia.

Jana makaburini nilimsimulia hayo mmoja wa watoto wale, sasa naye ana wajukuu. Akatikisa kichwa.

"Tulijua, Papa. Kila jioni tulikuwa tunabasikia, tumejificha nyuma ya uzio wako. Siku ile tuliimba kwa nguvu yote ili basimufukuze Mwalimu wetu."

Nililia pale pale, sikuona haya.

Kabulo wangu, nilikudanganya bila kujua. Walijua, na walikupenda hivyo hivyo. Haya, ndugu, lala sasa. Lala kwa amani.