Siku Nne za Kumkwepa Shemeji

Katika bendi ya watu watano, aliyebaki hai ni mmoja tu: mtengeneza vyerehani ambaye mtaa mzima humwita Besi, kwa gitaa la besi alilopiga ujanani. Wa mwisho kuzikwa alikuwa mwimbaji wao, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Na nyimbo zao zote zilikufa isipokuwa “Barua ya Tatu”, wimbo wa taratibu wa mtu aliyeandika barua mbili asijibiwe. Watu waliucheza harusini, wakaulilia misibani.

Mpwa wake, binti fundi umeme mwenye bendi ya roki, alimjia kibandani kuomba ruhusa ya kuurudia kwa mtindo wao. Besi alikuwa na sindano mbili mdomoni na mkanda wa cherehani mkononi. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza mtindo gani. Kubwa zaidi, hakumwambia mjane wa mwimbaji, shemeji yake, mkunga mstaafu aliyekaa nyumba tano kutoka pale. Akina mama waliopita mikononi mwake walisema watoto walitoka mapema kwa kuogopa ulimi wake.

Wimbo ukatoka Ijumaa asubuhi. Magitaa yalinguruma kama kinu cha kusaga kokoto, na kwenye kiitikio binti yule, mpole tangu utotoni, akapiga ukelele hadi Besi akaitoa simu sikioni kuitazama, kana kwamba imeungua.

Mchana maoni yalikuwa yanamiminika kama siafu. “Mmefukua maiti mkaivisha jinzi,” aliandika mmoja. Mwingine: “Nimelia kwenye foleni ya benki, na sijui kwa nini.” Mwingine: “Wazee wa bendi wangekuwa hai wangewachapa.” Besi akalisoma hilo la mwisho mara tatu. Yeye yu hai, na ndiye aliyeruhusu.

Kuanzia hapo akawa anazunguka kwa nyuma ya soko asipite mlangoni kwa shemeji. Alimrudishia mteja cherehani chake kimefungwa mkanda kinyume. Kila kivuli cha kanga kilipopita mbele ya kibanda, aliinama kutafuta bobini ya uzi ambayo haikuanguka.

Jumapili mpwa wake akapiga simu, sauti imekauka. “Mjomba, kuna mtu kaandika eti nimemtukana marehemu. Niufute?”

“Subiri kwanza.”

“Nisubiri nini?”

Usiri ulikuwa umemfika Besi shingoni. Jumatatu akafunga kibanda kabla ya adhuhuri, akanawa grisi mikononi, akaenda kubisha hodi. Moyo ulimdunda kuliko siku alipokwenda kuposa.

Shemeji alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. “Karibu. Nilidhani miguu imekuuma.”

“Shemeji, nimekuja na kosa.”

“Nalijua. Watu sita wamenipigia kunipa pole kana kwamba nimefiwa upya. Sijausikiliza. Nilikuwa nakungoja wewe. Haya, uweke.”

Besi akauweka. Zilikuwa dakika nne, lakini kwake zikawa mwaka. Ukelele ulipofika, mkono wa shemeji ukasimama juu ya mchele. Wimbo ukaisha. Nje mtu alikuwa anakung'uta mkeka.

“Siupendi,” akasema.

“Nitamwambia aufute.”

“Nimesema aufute? Nimesema siupendi. Masikio ni yangu.” Akasogeza ungo pembeni. “Wewe ndiye umeniudhi. Siku nne unapita nyuma ya soko kama mwizi wa kuku! Mume wangu angekuja siku ile ile, hata kama ni kugombana.”

Besi akaangalia sakafu. “Niliogopa, shemeji. Nilidhani nimemuuza rafiki yangu.”

Mama yule akauliza, kwa sauti ya chini, “Binti wanamtukana sana?”

Besi akamsomea maoni. Walipofika kwa yule aliyeandika kwamba mwimbaji ameaibishwa kaburini, shemeji akanyoosha kidole. “Andika. Mimi ni mjane wa aliyeuimba. Wimbo huu mpya siupendi, na nimeusikiliza mpaka mwisho. Lakini marehemu ni wangu, na hajanituma kumtafutia mawakili. Mwacheni mtoto.”

Besi akakosea herufi mara mbili. Shemeji akamkemea, akarekebisha. Wakatuma, wakaketi kungoja, macho kwenye kioo kidogo cha simu kama watu wanaongoja majibu ya hospitali.

Wa kwanza kujibu alisema mjane ni wa uongo. Wa pili akaomba radhi. Wa tatu akauliza kama anaweza kumtumia mama salamu. Ugomvi haukuisha; kufikia jioni ulikuwa umegawanyika vipande viwili vyenye hasira sawa, ila jina la mpwa wake lilikuwa limepungua matusi.

Binti akapiga simu, analia na kucheka. Shemeji akamnyang'anya Besi simu. “Wewe, njoo kesho. Ubeti wa pili umekosea neno. Ni ‘nilingoja’, si ‘nilikuja’. Kama unapiga kelele, piga kelele sahihi.”

Besi akarudi kibandani kwa njia ya mbele. Hofu haikuwa imemtoka yote. Kesho wawili hao wangekaa chumba kimoja, na aliwajua wote wawili.