Kona za Bwana Kona

Kiwandani walimwita Bwana Kona, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusaga kona za vioo vya laptop ziwe mviringo. Mashine ilikata kioo kikubwa vipande vya mstatili upesi, kama mtu anayekata sabuni ya mche. Lakini mviringo haukatwi hivyo. Kila kona ilitaka jiwe, maji na subira. Mkono ukipitiliza kidogo, ufa unakimbia hadi katikati na kioo chote kinaishia kwenye pipa. Ndiyo maana laptop hizo ziliuzwa ghali, na ndiyo maana yeye, kwa mara ya kwanza maishani, akawa mtu wa kutegemewa. Aliitoa familia yake kwenye chumba kimoja, akapanga viwili.

Mkewe alikuwa idara ya rangi, akipaka ukingo mweusi unaozunguka kioo.

Siku moja msimamizi alimwekea laptop mbili, zote zinawaka. "Kona, kipi kioo chako?"

Aliinama, akatazama sana, akanyoosha kidole. Wenzake wakaangua kicheko.

"Umechagua cha shemeji!"

Msimamizi akabandua fremu. Kona za kioo zilikuwa kali, hazijaguswa na jiwe. Rangi tu ndiyo iliyopindishwa kwa ndani, na jicho likadanganyika.

"Kwa rangi hakivunjiki kioo hata kimoja," msimamizi alisema kwa upole. "Mwisho wa mwezi tunazima jiwe. Ikitokea nafasi ya kupakia maboksi, tutakuita."

Nyumbani alimkuta mkewe akisugua kucha kwa mafuta ya taa.

"Mama watoto, zile kona ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungefanya nini? Ungeniambia nikatae. Ningekataa, wangempa mwingine, tukae wote wawili hapa tukitazamana."

Mume akavua viatu vya kazi, akaketi kitandani.

"Walinipima," alisema. "Nikachagua chako."

Mkewe aliacha kusugua. "Walituambia watakupima. Nikajitahidi tofauti isijulikane."

"Ulijitahidi kweli."

Mwezi ulipoisha walirudi kwenye chumba kimoja. Kitanda cha watoto kiligusana tena na chao, na hata kugombana ikabidi wagombane kwa kunong'ona.